Mbwa Aliyezaa kwa Shida na Kupoteza Watoto: Maswali na Majibu Kuhusu Afya ya Mama

Katika nyumba nyingi za Nairobi mbwa jike huzaa usiku, nyuma ya nyumba au ndani ya kibanda cha mabati, na mwenyewe hujua kulipopambazuka. Inapotokea kwamba uchungu ulichukua saa nyingi na vilebu wakatoka wakiwa wafu, familia hushughulika na waliokufa, na mama, kwa kuwa amesimama na kunywa maji, huhesabiwa kuwa amepona. Dhana hiyo inaweza kumwua. Mbwa aliyezaa kwa shida ni mgonjwa, na hatari iliyokuwa juu ya watoto imehamia kwake.

Daktari, mbwa wangu alishikwa na uchungu jioni, akazaa watoto watatu wafu kabla ya alfajiri, na sasa ametulia. Nimpeleke kliniki au nimwache apumzike?

Mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama ametulia. Utulivu huo unaweza kuwa wa mbwa aliyemaliza kuzaa, lakini unaweza pia kuwa wa mbwa ambaye mfuko wake wa uzazi umechoka kabisa na kuacha kusukuma huku mtoto mmoja akiwa bado ndani. Kwa macho tu, tofauti haionekani, na tumbo lililopungua si ushahidi. Daktari wa mifugo atalipapasa tumbo, atapima ute na damu, na akiwa na shaka atapiga eksirei au ultrasaundi ili ajue kama kuna mtoto aliyebaki.

Zipo dalili zisizoruhusu hata kusubiri kupambazuke. Mbwa akisukuma kwa nguvu kwa dakika 30 bila kutoa mtoto, au zikipita saa mbili baina ya mtoto na mtoto ilhali unajua wako wengine, au ute wa kijani ukitoka kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa, hiyo ni dharura. Vilevile baada ya kuzaa, damu nyekundu inayotiririka bila kukoma, ufizi uliopauka na kuwa mweupe, au mbwa kushindwa kusimama, huonyesha kwamba anapoteza damu au ana sumu mwilini.

Unapombeba, mtandikie blanketi ndani ya katoni pana au beseni, na umkaribie polepole. Mbwa mpole anaweza kumng'ata anayemlisha kila siku akiguswa mahali penye maumivu. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na mtu huyo aende hospitali mara moja, kwa sababu kichaa cha mbwa bado kipo nchini. Wachukue pia watoto waliokufa na makondo ya nyuma uliyoyaona, ndani ya mfuko safi uliofungwa, kwa maana idadi yake itamsaidia daktari kukisia kilichobaki. Hakikisha unayemwendea amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Una haki ya kumwuliza, na mtaalamu wa kweli hatachukizwa na swali hilo. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoko Kabete, kina kliniki ya wanyama wadogo.

Nitajuaje kama uchafu unaotoka ni wa kawaida?

Swali hili ndilo ningependa kila mwenye mbwa alijue jibu lake. Katika saa za mwanzo ute huwa wa kijani kilichokolea, na watu wengi hushtuka wakidhani ni uozo. Rangi hiyo hutokana na kondo la nyuma lenyewe linapobanduka, na si ugonjwa mradi watoto wote wametoka. Baada ya siku moja au mbili hugeuka kuwa wa hudhurungi iliyochanganyika na wekundu, kisha hupungua kidogo kidogo kwa muda wa wiki tatu hadi sita. Damu kidogo inayoendelea kudondoka zaidi ya wiki nane hutaka uchunguzi, hata mbwa akiwa anacheza na kula vizuri, kwa kuwa yapo maeneo ya kizazi ambayo huchelewa kufunga.

Kinachotofautisha uzima na ugonjwa ni harufu zaidi ya rangi. Ute wa kawaida una harufu ya damu, lakini hauozi. Ukinusa uvundo, au ukaona usaha wa kijivu, wa njano au wa rangi ya matofali, na mbwa amekataa chakula, fahamu kwamba kizazi kimeingiwa na vijidudu. Maambukizi haya hutokea zaidi katika wiki ya kwanza, hasa mahali ambapo mtoto alikwama, mkono wa mtu uliingizwa kusaidia, au kondo lilibaki, na yanaweza kuenea katika damu kwa muda mfupi sana. Tiba yake ni antibiotiki za daktari na maji ya mshipani, na wakati mwingine kuondolewa kwa kizazi.

Kwa hiyo nunua kipimajoto kwenye duka la dawa, kiwe cha mbwa peke yake, ukipake mafuta na kukiingiza taratibu katika njia ya haja kubwa, asubuhi na jioni, kwa siku kumi. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, na baada ya kuzaa linaweza kupanda kidogo tu. Likifika 39.5 na kuendelea huku mbwa akiwa mnyonge, mwone daktari. Likishuka chini ya 37.5, usifurahi kwamba homa imekwisha, maana hali hiyo mara nyingi ni mbaya zaidi.

Sehemu ya nje ioshwe kwa kitambaa safi na maji ya vuguvugu. Usiingize kitu chochote ndani, wala maji ya chumvi, wala dawa ya kuulia vijidudu inayotumiwa sakafuni.

Watoto wote walikufa, lakini matiti yamejaa maziwa na yanamwuma. Nimkamue?

Usimkamue. Huruma humsukuma mtu kufanya hivyo, lakini titi likitolewa maziwa huupa mwili habari kwamba kuna anayenyonya, nao hutengeneza mengine. Yakiachwa, mbano wa maziwa yenyewe huuzuia mwili kuendelea, na kwa kawaida hukauka ndani ya wiki moja au mbili. Unachoweza kufanya ni kumwekea kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika kumi, mara tatu kwa siku, bila kusugua, na kumzuia asijirambe chuchu, kwa kuwa ulimi wake hufanya kazi ile ile ya kinywa cha mtoto. Fulana ya zamani iliyopitishwa miguu ya mbele na kufungwa juu ya mgongo husaidia, iwe ya pamba na ibadilishwe ikichafuka.

Wapo wanaoshauri mbwa anyimwe chakula siku nzima ili maziwa yakauke. Ushauri huo hutolewa kwa mbwa mzima ambaye watoto wake wakubwa wameachishwa kunyonya. Kwa aliyesukuma usiku kucha na kupoteza damu, sikubaliani nao: mpunguzie kiasi kwa siku mbili tatu, usimnyime, na maji yawepo saa zote. Matiti yakizidi kuvimba, daktari anaweza kuandika kabegolini, dawa inayoizima homoni ya maziwa.

Papasa kila titi kila siku. Moja likiwa gumu na la moto kuliko mengine, ngozi ikawa nyekundu na kuelekea zambarau au nyeusi, au maziwa yakawa na damu au usaha, huo ni uambukizo wa titi, nao hauishi kwa maji baridi.

Jirani amenishauri ninunue sindano ya oksitosini agroveti, na nimpe dawa za maumivu tulizo nazo nyumbani. Kuna ubaya?

Upo ubaya mkubwa. Oksitosini hukaza kizazi kwa nguvu. Kama mtoto amekwama kwa sababu ni mkubwa au amekaa vibaya, kizazi kinaweza kupasuka. Hudungwa baada ya daktari kuthibitisha kwamba njia iko wazi. Ama dawa za maumivu, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na parasetamoli kwa kipimo cha kukisia inaweza kuliumiza ini. Maumivu yake ni ya kweli na yanastahili dawa. Mwombe daktari akupe iliyotengenezewa mbwa.

Ale nini?

Ale kidogo kidogo, mara nne kwa siku, chakula laini chenye nguvu: ugali mwepesi na omena iliyooshwa vizuri na kuchemshwa, mayai yaliyochemshwa, nyama au maini kiasi, au chakula cha dukani cha vilebu wanaokua kilicholoweshwa. Matumbo ya buchani yachemshwe hadi yaive, kwa maana mabichi huweza kuleta minyoo inayowadhuru pia watu wa nyumbani. Mifupa iliyopikwa na mabaki yenye vitunguu yasifike kwenye sahani yake. Kama alikula makondo ya nyuma, anaweza kuharisha siku moja au mbili.

Mtoto mmoja alisalimika. Mama hana nguvu. Nianzie wapi?

Anza na joto kabla ya chakula. Kilebu wa wiki ya kwanza hawezi kujipasha joto, na usiku wa Julai jijini, ambapo baridi hushuka hadi karibu nyuzi 12, humwua haraka kuliko njaa. Mahali anapolala pawe na nyuzi 29 hadi 32. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo inatosha, mradi abaki na nafasi ya kusogea mbali nayo. Kilebu aliyepoa asipewe maziwa, kwa sababu utumbo wake umesimama na maziwa yatachacha au kuingia mapafuni.

Akishapata joto, mpeleke kwenye chuchu mapema iwezekanavyo, kwa kuwa maziwa ya kwanza hubeba kinga, na uwezo wake wa kuifyonza huisha ndani ya siku moja hivi. Mama akishindwa, tafuta maziwa ya unga ya vilebu na umpe kila baada ya saa mbili au tatu, akiwa amelala kifudifudi na si chali kama mtoto wa mtu. Maziwa ya ng'ombe peke yake ni mepesi mno kwake. Mpanguse chini kwa pamba yenye maji ya vuguvugu kila baada ya mlo ili akojoe, kazi ambayo mama yake angeifanya kwa ulimi, na umpime kila siku kwa mizani ya jikoni. Asipoongezeka uzito siku nzima, mwambie daktari.

Mama anayenyonyesha akianza kutetemeka, kuhema bila kukimbia na kutembea kwa miguu iliyokakamaa, hasa kati ya wiki ya kwanza na ya nne, kalsiamu imepungua mno katika damu yake. Mtoe mtoto kwenye chuchu na ukimbie kliniki saa hiyo hiyo, kwa kuwa anaweza kufa kwa degedege.

Kwa nini watoto walikufa, na je, sisi tuko salama?

Mara nyingi sababu ni uchungu mrefu wenyewe: mtoto mkubwa kuliko nyonga, mtoto aliyekaa mshazari, au kizazi kilichochoka, na wote walio nyuma yake wakakosa hewa. Sababu nyingine ni maambukizi, na moja wapo ni bruselosi ya mbwa, inayoharibu mimba na kuweza kumwambukiza binadamu kupitia ute wa uzazi. Kwa sababu hiyo vaa glavu, osha mikono kwa sabuni, na uwaweke mbali watoto wa nyumbani na mama wajawazito. Mwili wa kilebu mmoja, uliowekwa ndani ya sanduku lenye barafu na si kwenye friji ya chakula, unaweza kuchunguzwa kwenye maabara ya mifugo ya Kabete daktari wako akiandika maombi. Waliokufa wengine wazikwe kwenye shimo refu, mbali na kisima. Wasitupwe jalalani, ambako mbwa wengine watawafukua.

Anazunguka akilia, na amebeba kandambili hadi mahali alipozalia. Anaomboleza?

Anatafuta. Homoni za uzazi zinamwambia ana watoto, na hawaoni. Kama miili bado ipo na daktari hajashuku maambukizi, mwache ainuse kwa muda mfupi kisha iondolewe akiwa nje. Baadhi ya mbwa hutulia baada ya hapo. Badilisha matandiko, kaa karibu naye, mtembeze hatua chache asubuhi na jioni. Usimkemee kwa sababu ya kandambili wala usimnyang'anye kwa nguvu, maana anaweza kuilinda kwa meno. Tabia hiyo huisha ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Lakini mbwa anayelala kwa huzuni na mbwa anayelala kwa homa hufanana sana, kwa hiyo kipimajoto kisiwekwe kando.

Atapanda tena lini, na nimzuieje?

Anaweza kuingia joto miezi minne tu baada ya kuzaa, wakati mwingine mapema zaidi, na madume ya mtaa hayazuiliwi na lango la mabati. Usimpandishe kabla sababu ya shida haijajulikana. Kwa aliyekwama kwa wembamba wa nyonga, au aliyepata maambukizi ya kizazi, maoni yangu ni kwamba kizazi kiondolewe maziwa yakishakauka, takriban miezi miwili baada ya kuzaa. KSPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama lililoko Karen, ni miongoni mwa mahali pa kuuliza kuhusu upasuaji huo. Kama alizaa kwa upasuaji, avae kola ya plastiki shingoni hadi nyuzi zitolewe, kwa kawaida siku ya 10 hadi ya 14.

Andika kwenye karatasi tarehe aliyozaa, idadi ya watoto na makondo, yupi aliyekwama na kwa saa ngapi, na kila dawa aliyopewa, kisha uihifadhi pamoja na kadi yake ya chanjo, kwa kuwa daktari utakayemwamsha usiku mwingine huenda asiwe yule aliyemwona mara ya kwanza.