Je, wajua kwa nini daktari wa nyonga huhitaji kamera?

Shangazi yangu wa Langoni, hapa Lamu, alirudi kutoka India na nyonga mpya ya bandia, iliyowekwa kwa msaada wa kompyuta, kovu refu ubavuni mwa nyonga, na vikovu viwili vidogo juu ya kiuno ambavyo hakuna aliyemweleza ni vya nini. Jirani waliokuja kumjulia hali waliuliza jambo moja tu: eti kompyuta ndiyo iliyokupasua?

Kompyuta haikushika kisu. Aliyepasua ni daktari, kwa mkono wake. Kompyuta ilimwonyesha kitu ambacho jicho lake halikioni: fupanyonga la mgonjwa, yaani mfupa mkubwa wa kiunoni unaobeba nyonga zote mbili, limeelekea wapi wakati huo huo.

Nyonga ni kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kilichokaa ndani ya kikombe cha mfupa. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ikilika, mfupa husaga mfupa. Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, daktari wa upasuaji John Charnley alianza kuweka kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, na nyonga za leo zimetokana na kazi yake.

Ugumu uko kwenye kukipandika kikombe. Kikisimama mno, mzigo huangukia ukingoni na plastiki hulika upesi. Kisipoelekea mbele vya kutosha, mgonjwa akichutama kichwa kinaweza kuchopoka, na kwetu sisi tunaoketi mikekani hilo si dogo. Mwaka 1978 mtafiti Lewinnek na wenzake walipendekeza mwinamo wa nyuzi 40 za pembe na mwelekeo wa mbele wa nyuzi 15, kila kimoja kikiruhusiwa kuzidi au kupungua nyuzi 10.

Lakini nyuzi hizo zinapimwa kutoka wapi? Mara nyingi mgonjwa amelazwa ubavu, amefunikwa mashuka, kinachoonekana ni jeraha tu. Daktari akiuvuta mguu, fupanyonga nalo hugeuka chini ya shuka. Akipima kwa kufuata kitanda, anakosea. Ni kama nahodha: haamini ubao wa chombo kinachoyumba, hulenganisha alama mbili za nchi kavu.

Alama za daktari zimo mwilini. Zishike mwenyewe, chini kidogo ya unapofunga kikoi: ncha mbili ngumu za mfupa, kushoto na kulia. Ya tatu ni mfupa wa kinena. Daktari hukaza pini kwenye fupanyonga, juu yake akafunga kifremu chenye vipira vinavyoakisi miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho. Kisha huzigusa zile ncha kwa kalamu ya chuma yenye vipira kama hivyo. Kamera mbili huviona vipira hivyo kutoka pembe tofauti, na kompyuta hukokotoa mahali pa kila kimoja. Tangu hapo fupanyonga likigeuka, kompyuta inajua. Daktari anapokishika kikombe kwa mpini wake, skrini humwandikia nyuzi. Akiinamisha kidogo, namba hubadilika. Zikimridhisha, ndipo anapogonga nyundo. Kukiwa na vipira vingine kwenye paja, hupimwa pia urefu wa mguu. Muuguzi akikatiza mbele ya kamera, skrini hupoteza alama mpaka apite.

Kosa bado linawezekana. Mafuta yakiufunika mfupa wa kinena, kalamu hugusa juu yake, na kompyuta itapiga hesabu ya kosa hilo bila kusita. Upasuaji nao huchukua muda zaidi. Tafiti zimeonyesha kwamba vikombe vinavyokaa nje ya nyuzi zilizokusudiwa hupungua. Kwamba mgonjwa hutembea vizuri zaidi miaka mingi baadaye, hilo halijathibitika vizuri. Kwa maoni yangu daktari mzoefu ndiye wa kutafutwa kwanza, kamera baadaye.

Vile vikovu viwili vya shangazi ni vya pini. Yeye alidhani ni vya sindano. Siku hizi jirani akija, huvionyesha kabla ya lile kovu kubwa.