"Tutambeba tu" si usafiri

Kila nikikaa na wenye gari za abiria, makonda na mafundi wa bodi, iwe Darajani au Chake Chake, jawabu ni lile lile: "Sisi tunasaidiana. Akija mwenye kiti cha magurudumu tutambeba tu." Katika kutetea haki ya usafiri kwa watu wenye ulemavu sijaona dhana inayotukwamisha kama hii, kwa sababu anayeisema anaamini anatenda wema.

Basi tutazame huko kubebwa. Mlango wa daladala uko nyuma, vidato vya chuma, paa la chini hata mzima huingia ameinama. Mmoja anamshika mama wa watu makwapani, mwengine miguuni, kanga inamvuka kituo kizima kinatazama. Nani alimuomba ruhusa? Aliyeumia uti wa mgongo anaweza kuchunwa ngozi asihisi, akaja kuiona damu jioni. Kiti kinatupwa juu ya keria, kinashuka ringi imepinda. Na anayetegemea kubebwa hana saa yake ya kutoka: anangoja konda mwenye huruma na gari isiyojaa. Akichoka anabaki nyumbani, halafu naulizwa, "Mbona hatuwaoni wakisafiri?" Hamuwaoni kwa sababu hawapandi, ndugu zangu!

"Rampu itakula siti." Rampu, yaani njia ya mteremko ya kupandishia kiti badala ya vidato, ipo ya kukunja, inasimama mlangoni. Unayeagiza bodi, kabla hujatoa arabuni pima mlango mwenyewe: uwazi usipungue sentimita 80. Hili nitalisema mpaka nichoke.

"Rampu yoyote inatosha." Haitoshi. Kipimo ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu, kwa hiyo kidato cha sentimita 20 kinataka rampu ya mita 2.4. Bandarini ni kazi zaidi, maana wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na mteremko wa daraja la boti hubadilika nayo.

"Hayo ya Wazungu." Zanzibar ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki hizo mwaka 2009, ibara ya 9 inautaja usafiri kwa jina. Wamarekani nao hawakupewa kwa hisani. Julai 1978 wanaharakati 19 wenye ulemavu walizuia mabasi Denver, wakalala pale pale barabarani. Sheria ya taifa lao ilikuja 1990.

Mpaka rampu zifike, konda, muulize abiria: "Nikusaidie vipi?" Kisha fuata anachosema. Na kiti chake usikitoze nauli ya mzigo.