Kiti cha Enzi Kilichoundwa kwa Bunduki

Neno "enzi" hubeba mambo mawili. Ni mamlaka, ndiyo maana Mungu tukamwita Mwenyezi. Tena ni wakati uliopita, kama tusemavyo "enzi za Mjerumani". Mimi ni mchongaji wa vyuma, na sijaona kazi inayokutanisha maana hizo mbili kama kiti alichokiunda Cristóvão Canhavato, maarufu kama Kester, mjini Maputo mwaka 2001.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vilianza 1977 vikaisha 1992, lakini silaha zilibaki, nyingine zimefukiwa ardhini. Mwaka 1995 Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana alianzisha mpango: leta bunduki, upewe jembe, cherehani au baiskeli. Zilizokusanywa zilikatwakatwa zisiweze kufyatua tena, na vipande vyake vikawafikia wasanii.

Kester angeweza kuunda kigoda. Akachagua kiti chenye mikono na egemeo refu, kiti cha mkubwa. Sisi wa pwani tunacho cha namna hiyo: kiti cha enzi cha mpingo, kimetiwa nakshi za pembe, kikitengwa kwa mtawala au mgeni wa heshima. Cha Kester kinampa mkaaji heshima ileile, ila kila anapogusa ni chuma kilichowahi kuelekezwa kwa mtu. Naona hapo ndipo ukali wa kazi hii ulipo: nguvu iliyomkweza mtawala haikufichwa chini ya nakshi.

Tazama pia chuma chenyewe kilikotoka. Hakuna hata bunduki moja kati ya hizo iliyotengenezwa Afrika. Zililetwa na wakubwa wa mbali, wakati wa ukoloni na baada yake, na waliozikwa ni Wamsumbiji. Linaniuma kila nikikitazama kiti hiki, ambacho tangu 2002 kiko British Museum, London, na hakikaliwi na mtu.

Juu ya egemeo kuna vitako viwili vya G3, bunduki ya jeshi la Wareno. Wengi huona pale nyuso mbili zinazotabasamu, wakadhani ni ufundi wa patasi. Ni matundu ya skrubu, na nafasi ya kupitishia mkanda wa begani. Kester hakuyachonga macho yale. Yalikuwamo tangu bunduki ilipotoka kiwandani.