Hapana, hatukushika nafasi ya pili

Mjomba wangu wa Muheza amenitumia ujumbe wa sauti, kama kila Agosti: "Mjomba, safari hii mmeshika nafasi ya ngapi?" Nilikuwa nimechoka, nikamjibu, "Ya pili, mjomba." Akanipongeza sana. Sasa najuta, maana ameshatangaza kanisani.

Haya, nieleze mara ya mwisho. Tamasha la Kwaya Tatu si mashindano. Hakuna majaji, hakuna wimbo wa lazima, hakuna kikombe, hakuna anayelia kwenye basi wakati wa kurudi. Kwaya za makanisa makuu ya Kianglikana ya Hereford, Gloucester na Worcester, huku Uingereza, hukaribishana kwa zamu, wiki moja kila kiangazi, basi. Vitabu husema lilianza 1715. Mwaka huo umekisiwa tu. Kilichopo mkononi ni tangazo la gazeti la Worcester la 1719, linalozungumzia mkusanyiko wa muziki wa kila mwaka kama jambo lililokwishazoeleka. Miaka 300 ikasherehekewa 2015 hivyohivyo.

Na wale watu zaidi ya mia mnaowaona kwenye video wakiimba kazi za mtunzi Elgar pamoja na okestra sio kwaya za makanisa makuu. Hiyo ni kwaya ya tamasha, watu wazima wenye kazi zao nyingine. Kwaya ya kanisa kuu ni ndogo: watoto kiasi cha 20 na watu wazima wasiozidi 12, mimi nikiwa besi katika mojawapo. Alto wetu wengi ni wanaume, msicheke. Kazi yetu ni Sala ya Jioni, ibada ya kuimbwa, karibu kila siku, tamasha liwepo lisiwepo. Mwaka 1875 wakuu wa kanisa la Worcester walikataa okestra na waimbaji wageni, zikabaki ibada na kwaya peke yake. Watu wakaliita tamasha la mzaha. Mimi ningelipanda treni kwenda kulisikiliza.

Kwa sababu kazi yenyewe iko kwenye zaburi, na zaburi hazina mapigo. Kila sauti inashika noti yake moja, maneno yanapita juu yake kwa mwendo wa mtu anayesema, kisha noti zinabadilika kwenye maneno machache ya mwisho. Ukiipigia makofi kama pambio, umeiua. Na katikati ya mstari kuna kituo: mnanyamaza, mwangwi unapanda kwenye nguzo, unazunguka, unazama, mnaingia tena wote kwa pamoja. Kituo hicho kina urefu gani? Kila kanisa kuu lina wake, na haujaandikwa popote; unaupata kwa kukaa hapo miaka. Sasa changanya kwaya tatu. Mazoezi ya kwanza, upande wetu tumeshaingia, wenzetu wa upande wa pili bado wanasubiri mwangwi wa kanisa lao walilolifungia mlango nyumbani. Mwalimu anavua miwani. "Tena." Tukaenda mara sita kwa mstari mmoja. Halafu kuna anayeniuliza kama "zile zaburi fupi" zinahitaji mazoezi! Kwa mpangilio wa Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha 1662, unaogawa zaburi zote kwa siku za mwezi, jioni ya tarehe 15 ni Zaburi ya 78, mistari zaidi ya 70. Watoto wetu wanaijua tarehe hiyo kuliko siku zao za kuzaliwa.

Jambo jingine, ambalo wakongwe hawatalipenda. Kanisa kuu la Salisbury, ambako watoto wa kwaya walikuwa wavulana tu, walianzisha kwaya ya wasichana 1991, na hadi leo wapo wanaoapa kwamba sauti ya mvulana wanaitambua papo hapo. Mimi nimefumba macho nikajaribu, mara nyingi tu. Nakosea karibu nusu.

Jana nimemtumia mjomba zaburi nzima tuliyoirekodi, ili aache kuulizia nafasi. Amejibu usiku: "Nzuri sana, mjomba. Ila katikati ya kila mstari mtandao unakatika."