Cherehani ya kwanza ya kushonea ngozi: dhana potofu na ukweli wake

Anayetaka kununua cherehani ya kwanza ya kushonea ngozi husikia habari za nguvu kuliko za jambo lingine lolote: ukubwa wa mota, uzito wa chuma, unene wa ngozi ambao sindano iliwahi kuutoboa mbele ya wateja. Kutoboa ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Mshono mzuri hutegemea namna cherehani inavyoisogeza ngozi, na kama inaweza kuukaza uzi wa unene unaohitajika mpaka fundo, pale uzi wa juu unapokutana na wa bobini, lizame katikati ya tabaka. Dhana nyingi potofu kuhusu ununuzi huu huzaliwa pale mambo hayo mawili yanaposahauliwa.

“Cherehani ya nyumbani iliyoandikwa ‘kazi nzito’ inatosha”

Maneno “kazi nzito” hayana kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote, kwa hiyo kila mmoja huyaandika kwa maana yake. Kwa kawaida hiyo ni cherehani ya nyumbani yenye fremu imara zaidi na kasi kubwa zaidi, lakini inatumia sindano zilezile za nyumbani, ambazo mara nyingi huishia namba 100 au 110. Namba ya sindano ni kipenyo chake katika sehemu za mia za milimita. Sindano ya 110, basi, ina milimita 1.1, na tundu lake halipitishi kwa raha uzi mnene kuliko tex 70 hivi (tex ni kipimo cha unene wa uzi; namba ikikua, uzi ni mnene zaidi). Kwa pochi ya ngozi laini, tabaka mbili za milimita moja moja, cherehani hiyo inafaa, na sioni sababu ya kumkatisha tamaa aliye nayo tayari. Kwa mkanda wa kiunoni au mpini wa mkoba wa kubebea vitu vizito, haitoshi.

“Cherehani yoyote ya kiwandani inashona ngozi”

Hii ndiyo dhana inayowapotosha wengi, kwa sababu ina chembe ya ukweli: cherehani ya kiwandani ni imara na hustahimili kazi ya kutwa. Lakini viwanda vingi vinashona nguo, na cherehani zake zimeundwa kwa ajili ya kasi. Juki DDL-8700, inayojulikana sana kwa mafundi wa nguo, inaweza kufika mishono 5,500 kwa dakika, nayo husogeza kitambaa kwa meno ya chini peke yake, yale yanayotokeza chini ya mguu wa cherehani. Ukiweka ngozi mbili juu ya meno hayo, ya chini inavutwa ilhali ya juu inanata kwenye mguu wa cherehani, hivyo tabaka zinapishana, mishono inafupika kila mahali penye unene, na meno yanaacha alama upande wa chini. Mguu wa plastiki inayoteleza au wenye vigurudumu hupunguza mnato, lakini hauondoi tatizo lenyewe.

Kinachohitajika ni cherehani ambayo sindano, mguu na meno vinasogea pamoja. Sindano inapokuwa ndani ya ngozi, inasafiri nayo kuelekea nyuma; mguu wa ndani, mmoja wa miguu miwili ya cherehani hiyo, unaibana ngozi na kusafiri nayo vilevile; meno yanaisukuma kutoka chini. Kwa kuwa sindano imepenya tabaka zote kwa wakati mmoja, tabaka hizo hazina nafasi ya kupishana. Mguu wa nje hushuka kuishikilia kazi wakati ule wa ndani unaponyanyuka na kurudi mbele kuchukua hatua nyingine. Consew 206RB na Juki LU-1508 ni mifano ya aina hiyo yenye kitako bapa, yaani uso tambarare wa kushonea. Muuzaji akikuambia kwamba mguu “unatembea”, muulize kama sindano nayo inatembea, kwa maana zipo cherehani ambazo mguu husogea na sindano ikabaki inapanda na kushuka mahali palepale.

“Mota kubwa ndiyo nguvu”

Mota ya klachi huzunguka muda wote ikishawashwa, na fundi huipunguza kasi kwa kuteleza kwa klachi chini ya mguu wake. Fundi mzoefu huimudu. Anayeanza hukuta cherehani imekimbia mbele mishono kumi kabla hajaondoa mguu kwenye pedeli. Mota ya servo huzunguka pale tu pedeli inapokanyagwa, na kasi yake ya juu inaweza kuwekewa kikomo. Hata hivyo, baadhi ya servo huwa dhaifu kwenye mwendo wa polepole sana, na dawa yake ni puli za kupunguzia mwendo: mwendo ukishuka hadi theluthi moja, nguvu ya kuzungusha hukaribia kuwa mara tatu. Kwa anayejifunza, uwezo wa kushona tundu moja moja hadi kwenye kona una thamani kuliko kasi yoyote iliyoandikwa kwenye kibandiko, kwa sababu tundu lililotobolewa kwenye ngozi halifutiki. Kitambaa hufumuliwa kikashonwa upya; ngozi hubaki na kovu.

“Cherehani ya fundi viatu inafanya kila kitu”

Singer 29K ni cherehani ninayoiheshimu. Mguu wake huzungushwa ukaivuta kazi upande wowote, na mkono wake mwembamba huingia ndani ya kiatu mahali ambapo cherehani nyingine haifiki. Lakini iliundwa kwa ajili ya ukarabati. Mguu wake wenye meno huivuta ngozi kutoka juu na kuacha alama kwenye uso unaoonekana, bobini ya matoleo mengi ni ndogo, na uzi mnene inaupokea kwa shida. Ni msaidizi mzuri ikiwa cherehani ya pili, lakini kama cherehani pekee ya kushonea mikanda na mikoba humchosha mwenye nayo.

“Nunua kubwa kabisa, ndogo itakuwa imo ndani yake”

Cherehani za daraja la Juki TSC-441 hushona unene wa takriban milimita 20 kwa uzi wa tex 270 na zaidi, na anayeziona zikifanya kazi huzitamani. Ukiiwekea ngozi ya pochi yenye jumla ya milimita mbili, utaona kwamba kila cherehani ina kikomo cha chini pia. Mguu wake unakandamiza kwa nguvu nyingi mno, meno yanachora ngozi, na mpangilio wake wa mkazo haukukusudiwa uzi mwembamba. Ukitumia uzi mnene, fundo halina mahali pa kujificha na hujitokeza juu au chini. Aina ya kitako bapa niliyoitaja hufanya kazi vizuri kwa uzi wa tex 70 hadi 135, unaotosha kwa mikoba mingi, na unene wa hadi milimita 9 au 10. Hakuna cherehani inayoshona pochi nyembamba na tandiko la farasi kwa ubora uleule. Anza na kazi unayoifanya mara nyingi zaidi, pima unene wake pale tabaka zinapokutana, chagua uzi, ndipo utafute cherehani.

“Sindano ni sindano”

Sindano za mfumo wa 135x16 na 135x17 zinalingana urefu na shina, zinatofautiana ncha: ya kwanza ina makali ya kukata ngozi, ya pili ni ya mviringo kwa vitambaa. Makali yanayokata kimshazari huulaza mshono kidogo. Yanayokata kufuata mstari wa mshono huhitaji mishono mirefu zaidi, la sivyo matundu hukaribia kuungana na ngozi huchanika kama karatasi ya stempu.

Kuhusu umbo la kitako, bapa ni nafuu kujifunzia na huibeba kazi pana. Mkono wa mviringo, yaani kitako chembamba kama bomba, unahitajika pale mkoba ulioungwa tayari unaposhonwa mdomo au pembe.

Siku ya kuijaribu cherehani, nenda na vipande vya ngozi yako na uzi wako, ikiwemo sehemu ambapo tabaka mbili zinakuwa nne. Zungusha gurudumu kwa mkono kwanza, shona polepole ukipanda na kushuka mahali hapo penye unene, kisha geuza kipande: mishono ya chini iwe na urefu sawa na ya juu, na fundo lisionekane upande wowote.