Wananchi si jamii: FDC ni chuo gani hasa?

Chuo cha Maendeleo ya Wananchi ni chuo cha serikali, kwa kawaida wilayani, kinachofundisha ufundi na stadi za maisha kwa watu wazima na vijana wa eneo lake, hata walioishia darasa la saba au walioacha shule njiani. Tanzania Bara ina 54. Watu hukiita FDC, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Folk Development College. Maana yake ni hiyo tu. Kinachokera ni kusikia kikiitwa "Chuo cha Maendeleo ya Jamii", na siku hizi hata kwenye barua za serikali za mitaa.

Tofauti imo kwenye jina lenyewe. "Maendeleo ya Jamii" ni taaluma: jina linataja kinachofundishwa. Vyuo vya maendeleo ya jamii kama Tengeru, Buhare, Rungemba na Mlale huandaa maafisa maendeleo ya jamii, na anayeomba astashahada huko huulizwa cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. "Maendeleo ya Wananchi" si somo, wala hakuna anayehitimu "maendeleo ya wananchi". Jina linataja anayefundishwa. Ukienda Ikwiriri, Newala au Urambo utakuta uashi, useremala, umeme wa majumbani, ushonaji, kilimo na mifugo.

Neno "wananchi" katika jina hili lilitoka mbali. Mdenmark N.F.S. Grundtvig alitaka shule ya wakulima watu wazima isiyo na mitihani, na ya kwanza ikafunguliwa Rødding mwaka 1844. Waswidi wakafuata mwaka 1868, wakaiita folkhögskola: folk ni watu, hög ni juu, skola ni shule. Mwalimu Nyerere aliupenda mfumo huo, na mwaka 1975 vyuo vya kwanza vikaanza kwa msaada wa Sweden. Kutafsiri neno kwa neno kungetupa "shule ya juu ya watu", jina lisilo na kichwa wala miguu. Folk ikawa wananchi, wana wa nchi, watu wa kijijini ambao elimu ya watu wazima ilikuwa imewalenga. Shule ya juu ikawa chuo, na hapo tulipata zaidi ya tulichoazima, maana chuo zamani kilikuwa kitabu, kisha mahali pa kusomea Kurani. Ndiyo maana tuna mwanachuoni. Jamii nayo ina ukoo mwingine kabisa: ni neno la Kiarabu, ndugu wa jamaa, jumuiya na Ijumaa, lenye maana ya kukusanyika pamoja.

Kosa lina sababu, tuseme kweli. Kwa miaka mingi FDC zilikuwa chini ya wizara ya maendeleo ya jamii, na mabango ya zamani yalibeba jina la wizara hiyo. Sasa ziko chini ya Wizara ya Elimu. Hasara humpata mwombaji. Mwenye D mbili za kidato cha nne anapanda basi hadi Tengeru, Arusha, kuomba kozi ya cherehani, anarudishwa getini. Mwenye D nne anayetaka kuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata anajiandikisha FDC, na baada ya miaka miwili anajua kufunga nyaya vizuri sana, lakini tangazo la kazi halimhusu.

Na hao wanaosema "FDC ni VETA ya kijijini" wanapunguza kosa bila kulimaliza. VETA ni Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya 1994; ina vyuo vyake, lakini si kila chuo cha ufundi ni chake. FDC hufundisha ufundi stadi kwa mtaala uleule, pamoja na kozi fupi zisizo na uhusiano na VETA, na nyingi zina chekechea ili mama asome mtoto akiwa jirani.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa barua ya kata: mahali pa "jamii" andika "wananchi", na kwenye anwani weka Wizara ya Elimu.