Je, wajua kwa nini plau hushuka yenyewe trekta kuukuu ikizimwa?

Trekta imezimwa, plau iko juu. Nusu saa baadaye imeshagusa ardhi. Jibu la haraka, linalotolewa hata na mafundi, ni kwamba pampu ya haidroliki, ile inayosukuma oili ya kunyanyulia plau, imechoka. Pampu mpya inanunuliwa, inafungwa, na jioni plau inashuka vilevile.

Injini ikizimwa, pampu nayo imesimama. Kazi yake ni kupandisha. Kushikilia ni kazi ya wengine. Fikiria tyubu ya baiskeli: ukishaijaza upepo unaichomoa pampu na kuiweka kando, na ukikuta tairi limelala asubuhi unatafuta tundu au unakagua vali. Hakuna anayekimbilia kununua pampu. Kwenye trekta, tyubu ni silinda ya kunyanyulia. Oili imefungiwa nyuma ya pistoni, uzito wa plau unaikandamiza usiku kucha, na kinachoizuia isirudi ilikotoka ni vali ya njia moja, vali ya kushushia, vali ya usalama, sili (kizibo cha mpira) ya pistoni na oringi, yaani pete za mpira za kuziba, za mabomba. Mmoja wa walinzi hawa akisinzia, plau inashuka.

Tena hakuna tone linaloonekana nje, maana trekta nyingi za zamani zina silinda ndani ya kasha la giaboksi, na oili inadondokea humohumo. Chukua pistoni ya kipenyo cha milimita 75, na mikono ya kunyanyulia plau inayokuza mwendo wake mara 6. Ikivuja mililita 5, yaani kijiko cha chai, pistoni inarudi milimita 1.1 na ncha za mikono zinashuka karibu milimita 7.

Kuna kituko kingine: injini ikinguruma, plau inashuka kidogo, inaruka, inashuka tena, kama mtu mwenye kwikwi. Hapo ndipo pampu hulaumiwa zaidi, ilhali kwikwi hiyo ni ushahidi kwamba inafanya kazi. Mikono ikishuka, fimbo za ndani zinazofuata mkao wake hufungua vali ya kuongoza oili, pampu hufidia kilichopotea, vali hujifunga. Kwikwi zikifuatana haraka, uvujaji ni mkubwa.

Imani kwamba pampu ndiyo mkosaji haifi kwa sababu mara nyingine huzaa matunda. Kwenye trekta ya Massey Ferguson 135, vali hiyo ya kuongoza imo ndani ya mwili wa pampu. Ukibadilisha pampu nzima umebadilisha na vali, na sifa anapewa asiyehusika.

Pima uvujaji wakati oili ni ya moto, kwa kuwa ikiwa baridi ni nzito na huficha uvujaji. Nyanyua mzigo, zima injini, acha liva kwenye mkao wa kunyanyua, weka alama ya chaki, pima baada ya dakika 10. Kiasi kinachovumilika hutegemea modeli, kwa hiyo fuata kitabu chake; trekta ya miaka 40 inayoshuka kidogo si lazima iwe mbovu. Usiingie chini ya plau iliyoshikiliwa na haidroliki pekee, wala usitafute uvujaji kwa kidole: oili yenye shinikizo hupenya ngozi. Kabla ya kulegeza bolti yoyote, shusha mzigo mpaka chini.

Ikiwa plau hainyanyuki kabisa, au inapanda polepole huku pampu ikilia, hapo pampu inaweza kushtakiwa. Hata hivyo anza na kiwango cha oili na chujio. Oili yenye povu ina maana kuna mahali inavuta hewa.

Ukifungua silinda, pitisha ukucha ndani yake. Ukinasa kwenye mkwaruzo, sili mpya italiwa upesi. Na pale oringi inapofungwa pamoja na pete ngumu ya kuiegemeza, oringi hukaa upande wa shinikizo na pete nyuma yake. Zikipishana nafasi, oringi hukamuliwa kwenye mwanya na kukatika.